Dar – Iringa – Ruaha kwa gari na mahema, tuko watu 9: nifungasheje nisiache vya lazima?

MamaNuru_Kimara

Wakuu, salaam kwenu, na shikamoo kwa wakubwa wote.

Likizo ya mwezi wa sita tumepanga safari ya familia mbili, yangu na ya shemeji. Tunatoka Dar, tunalala Iringa mjini, kesho yake tunaingia Hifadhi ya Ruaha kulala kwenye mahema siku tatu. Tuko tisa: wakubwa watano, watoto wanne, mdogo ana miaka minne. Kati ya wakubwa yumo mama mkwe wangu, ana miaka 68 na presha, na ndiye aliyeishikia bango safari hii kuliko sisi sote. Magari ni Prado ya shemeji na RAV4 yetu. Mahema matatu tumeazima. Mtungi wa gesi upo, masufuria yapo, godoro la upepo lipo.

Kinachoninyima usingizi ni kufungasha. Nilianza na orodha ya ukurasa mmoja, sasa imefika kurasa nne, na kila nikiipitia nakuta chumvi imeandikwa sehemu tatu na kiberiti hakuna. Mume wangu anataka tubebe nusu ya hivyo. Mke wa shemeji angepewa nafasi angebeba na kabati. Kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu anaandika "jamani tusisahau kitu fulani", akishaandika anaona kazi yake imeisha.

Orodha nilizokuta mtandaoni zimeandikwa kwa mtu anayeenda kambi yenye umeme na duka la jirani. Hakuna hata moja iliyotaja mwiko.

Sasa naomba wazoefu: watu huwa wanasahau nini hasa? Mzigo wa familia mbili unapangwaje usigeuke vurugu? Na kwa huyu bibi yetu, nisikose nini? Lugha ya "beba vitu muhimu" naomba tuiache, hiyo najua.

---

kijana_wa_ubungo

Dada, hela na chaja. Mengine yote yapo njiani. Chalinze hukosi kitu.

---

Dereva_Mstaafu

@kijana_wa_ubungo Chalinze hukosi kitu, kweli. Ila kopo la maharage litafunguliwa Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, saa 2 usiku, na toka hapo mpaka dukani Iringa mjini ni kilomita kama 130, na usiku hifadhini gari haliruhusiwi kutembea. Chalinze itamsaidia nini?

---

Mpishi_wa_Porini

Mama Nuru, karibu. Mimi ni mpishi wa kambi, niko Arusha. Kazi yangu ni kupakia jiko na chakula asubuhi na kupika jioni Seronera kule Serengeti au ukingoni Ngorongoro, mahali ambapo ukikosa kijiko hakuna wa kumwazima isipokuwa mpishi wa kampuni nyingine, naye atakutangaza mji mzima. Kwa hiyo kurasa zako nne nazielewa. Zifunge kwanza, uzifungue tena baadaye.

Usiku mmoja watoto wakishalala, kaeni wewe na mke wa shemeji, muitembee siku ya kambi kwa mdomo, saa kwa saa, na kila tendo mliulize linataka nini. Anzeni pale gari linapozimwa kambini, tuseme saa 11 jioni. Nani anashuka wa kwanza? Watoto, na wanataka choo. Andika karatasi ya chooni, sabuni, dumu dogo la kunawia. Haya, mahema. Ardhi ya kiangazi ni ngumu kama sakafu, kigingi hakiingii kwa kisigino cha kiatu. Andika nyundo. Saa 1 giza limeingia na kitunguu bado hakijakatwa. Mkono mmoja umeshika tochi, mwingine kisu, kitunguu kinashikwa na nani? Andika tochi ya kichwani, moja ya mpishi, moja ya anayehangaika na mahema. Kitunguu kinakatiwa juu ya nini? Ubao. Sufuria inaepuliwa kwa nini? Vitambaa viwili vinene, ukitegemea kanga utaiunguza. Ugali wa watu tisa unasongwa juu ya jiko gani? Kama ni ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, sufuria kubwa inapepesuka ukianza kusonga, itabidi mtungi uzungushiwe mawe na mtu mwingine ashike sufuria. Andika jiko fupi la mezani na mpira wake, au badilisha menyu iwe wali. Mmekula. Vyombo vinaoshewa wapi? Beseni mbili. Mabaki yanalala wapi? Ndoo yenye mfuniko, ndani ya gari, kamwe si nje.

Hapo hujafika saa 3 usiku, ukurasa umejaa, na kila kilichoandikwa kina sababu yake. Mkiendelea mpaka chai ya asubuhi mtaona chujio likijitokeza lenyewe. Halafu ndipo ufungue zile kurasa nne uzilinganishe. Kitu kilichoko kwenye orodha lakini hakikutajwa popote katika siku nzima, kiache nyumbani. Hapo mtakuwa mmemaliza na ugomvi wa mumeo na mke wa shemeji.

Sasa umeuliza watu wanasahau nini. Hawasahau hema. Hawasahau jiko. Kubwa hata mtoto ataliulizia. Kinachoachwa ni kile kidogo ambacho bila hicho kubwa linakuwa mzigo tu: regyuleta ya gesi, pampu ya godoro la upepo, kifungulio cha kopo, betri za tochi, ile spana ya spea, waya wa kuchajia simu ndani ya gari. Kwa hiyo kila kitu kisafiri na mwenzake, na vifungwe pamoja siku ileile unapovitoa kabatini, usiseme "hiki nitakiweka kesho". Kiberiti changu kimefungwa kwa raba kwenye jiko lenyewe. Cha pili kimo ndani ya chupa ya dawa yenye kifuniko cha kuzungusha, kisilowe. Cha tatu kiko mfukoni mwangu, na mimi sivuti sigara.

Mahema ya kuazima yasimamishe uani nyumbani, yote matatu, wiki moja kabla. Nasisitiza yote matatu. Hema la kuazima huwa limeshaacha kitu kwa kila aliyewahi kuliazima. Hesabu fito, hesabu vigingi, fungua na kufunga kila zipu mara kadhaa, ingia ndani mchana ujifungie utazame juu: penye tundu utaona mwanga. Zipu iliyokwama uani unaipaka mshumaa. Zipu iliyokwama Ruaha inakaribisha mbu, na wakati mwingine mgeni mwenye miguu mirefu zaidi.

Hatari kubwa ya safari yenu lakini ni hiyo ya familia mbili. Mwenye kitu akiwa wote, hakuna mwenye kitu. Msigawane kwa kusema "nyie chakula, sisi vyombo". Gawaneni kwa masanduku, kila sanduku na mtu mmoja mwenye jina, na huyo ndiye anayelijaza, analifunga, analipakia, na usiku akiulizwa "kisu kiko wapi" haruhusiwi kujibu "muulize fulani". Kwenu naona masanduku manne yanatosha: jikoni, chakula kikavu, malazi, na la dharura lenye dawa na tochi. Nguo kila mtu na begi lake, begi laini. Sanduku gumu la magurudumu halikunjiki, na vumbi la Ruaha halina adabu na magurudumu. Lile begi la shangazi kaja linafaa kwa mablanketi kuliko sanduku lolote la bei, linabanwa popote.

Halafu upakiaji. Vitu vingi ambavyo watu wanasema wamesahau vimo garini, ila vimelaliwa na godoro. Kinachotangulia kutumika ndicho kiingie mwisho. Mkifika mtahitaji maji ya kunywa, turubai, nyundo na mahema, basi hivyo vikae mlangoni nyuma. Jiko lifuate. Mablanketi chini kabisa. Sanduku la dharura halina zamu: linakaa chini ya miguu ya abiria na halifunikwi na chochote. Mkilala Iringa msishushe mzigo wote. Kila mtu awe na mfuko mdogo wa usiku mmoja wenye nguo ya kulalia, mswaki na nguo ya kesho. Kinachoshushwa hotelini ndicho kinachobaki hotelini.

Chakula sitakufundisha, wewe ni mama. Lakini mchele uchambulie nyumbani. Nimewahi kuona mama wa watu anapepeta mchele wa watu kumi kwa mwanga wa simu na mawe hayaonekani. Maharage chemsha Dar, gandisha kwenye makopo yenye mfuniko, yatakuwa barafu ya deli siku ya kwanza na mboga siku ya pili. Chupa za maji ya kunywa nazo zigandishwe badala ya kununua barafu inayoyeyuka na kulowesha kila kitu. Nyama iliwe usiku wa kwanza. Dagaa na njegere kavu ndio wa siku ya mwisho.

---

MamaNuru_Kimara

Kaka mpishi, Mungu akubariki. Tumekaa jana na mke wa shemeji tukaitembea siku kama ulivyosema. Tulipofika saa 4 usiku tukakwama: bibi anataka kwenda haja, choo kiko mbali na hema, na nje kunaweza kuwa na tembo. Tunafanyaje? Pia mama mkwe amesema waziwazi atabeba jiko lake la mkaa la udongo, anasema gesi haipiki maharage, na Iringa kuna baridi ataliweka hemani alote moto. Nani atamwambia? Na maji tubebe kiasi gani?

---

Mpishi_wa_Porini

Haja ya usiku kwanza. Ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana, maji kidogo na dawa ya kuulia vijidudu ndani yake, ndani ya hema la bibi upande wa miguuni. Watoto nao waitumie. Usiku mtu hatoki hemani peke yake, na kabla ya kutoka anamulika kwanza pande zote, akiona macho yanang'aa anarudi ndani. Msione aibu kuiandika ndoo hiyo kwenye orodha. Wageni wangu wanaolipa kwa dola nao wanaiulizia, ila kwa sauti ya chini.

Jiko la mkaa: abebe, apikie maharage yake nje, na kusema kweli maharage ya mkaa ni matamu zaidi. Lakini hemani haliingii, hata likibaki majivu mekundu tu, hata mlango ukiachwa wazi kidogo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, aliyelala haamki kuwaambia kitu. Hili amwambie mwanawe, yaani mumeo, si wewe mkwe, na amwambie Dar, si kambini wakati baridi imeshamkamata. Na akishamnyima jiko ampe mbadala: chupa mbili za maji ya moto zilizovalishwa soksi, moja miguuni, moja tumboni, soksi nene, kofia ya sufu, na chini ya godoro mkeka au blanketi. Baridi ya hemani inatoka ardhini. Blanketi moja chini linashinda mawili juu. Na godoro la upepo peke yake ni baridi, hewa ya ndani inapoa na ardhi.

Dawa zake za presha zikae kwenye mkoba anaoubeba yeye, ziwe za siku nyingi kuliko za safari, na karatasi yenye majina ya dawa na kipimo iwe kwako. Za watoto: paracetamol, ORS, zinki, plasta, dawa ya kusafishia kidonda, kipimajoto. Kama ORS zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Msikadirie kwa macho, bebeni kijiko cha chai chenyewe.

Maji napiga lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika, kuoga silihesabu. Watu 9 ni lita 45, siku tatu ni 135. Hizo ni madumu saba ya lita 20. Hata kambi ikiwa na bomba, ya kunywa nendeni nayo.

---

Dereva_Mstaafu

Naomba niingie hapo kwenye maji, maana mpishi anapiga hesabu ya sufuria na mimi napiga ya springi. Lita 135 ni kilo 135. Huo ni uzito wa watu wazima wawili juu ya abiria tisa na mizigo yao, na mbele yenu kuna mlima Kitonga, malori yanapanda kwa mwendo wa kobe na injini za magari madogo zinachemka. Kutoka Dar bebeni madumu matupu na maji ya njiani tu, mjaze Iringa asubuhi ya kuingia hifadhini. Yakishajaa yakae sakafuni mwa gari, karibu na ekseli. Keria ya juu iwekewe vitu vyepesi: mahema, magodoro, shangazi kaja. Ukiweka maji juu, gari linayumba kwenye kona.

Kuhusu gari lenyewe, watu wanafungasha nguo wiki nzima halafu gari wanalitazama asubuhi ya kuondoka. Mfanye hivi Jumamosi moja: mtoe tairi moja la kila gari na mfunge spea, hapo hapo nyumbani, kwa vifaa vya ndani ya gari tu. Mtagundua mengi. Kama nati zina kufuli, ule ufunguo wake mdogo uko wapi? Jeki ya gari iliyokaa chini ya zulia tangu inunuliwe inanyanyuka? Prado nyingine spea imening'inia chini ya gari na inataka fimbo yake ya kuishushia. RAV4 ambazo spea imekaa chini ya sakafu ya buti, mzigo wote unashuka kwanza, ndiyo maana nasema turubai likae juu kabisa, mtatandika mzigo wenu barabarani badala ya kuumwaga kwenye vumbi. Na spea yenyewe ina upepo? Nimeona spea nzuri, mpya, haina hata pumzi.

Ongeza kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, la sivyo kwenye mchanga jeki ndiyo inayoshuka badala ya gari kupanda. Pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye gari na kipima upepo: mkikwama kwenye mchanga wa korongo mnashusha upepo wa tairi kutoka kama PSI 32 hadi 20 hivi, mnatoka, mnajaza tena kabla ya kurudi lami. Sepeto fupi. Kamba ya kuvutia gari na pingu zake (mwenzake, kama mpishi anavyosema). Waya za jampa. Lita ya oili na maji ya rejeta. Kwa trafiki: mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, pembetatu mbili, bima hai, leseni halisi, siyo picha kwenye simu. Prado ni ya shemeji na shemeji yuko ndani, sawa, lakini kama kuna wakati ataendesha mwingine, nakala ya kadi ya gari iwepo.

Mafuta jazeni Iringa matangi yote mawili mpaka juu. Kutoka hapo hesabu kwenda, kuzunguka hifadhini siku tatu kwa gia ndogo, na kurudi. Ramani ipakueni kwenye simu mkiwa bado na mtandao.

---

Binti_Kihesa

Karibuni nyumbani. Mimi ni wa Iringa, na ninachotaka kumwambia Mama Nuru ni vya KUTOBEBA.

Vitunguu usitoke navyo Dar, utavipita Ruaha Mbuyuni vimepangwa barabarani kwa magunia. Nyanya utazikuta Ilula. Hizo mbili peke yake zimeshakupunguzia ndoo moja. Mboga za majani nunueni sokoni Iringa asubuhi mnapojaza maji. Mkaa wa bibi nao upo huku, usije ukachafua mablanketi kutoka Kimara.

Ila nguo za baridi ndizo watu wa Dar wanazidharau. Iringa mjini iko juu, kama mita 1,600, na mwezi wa sita na wa saba ni kipindi chetu cha baridi. Watoto wenu watashuka garini na kaptula wakitetemeka. Sweta ziwe mikononi, zisiwe chini ya mzigo. Mkishuka hifadhini mchana mtazivua, jua la huko ni kali.

Na rangi! Mbung'o wa Ruaha wanapenda bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Jinzi zote ziacheni Dar. Suruali ya kaki, kijani kilichopauka, kahawia, mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo, maana nyembamba wanachoma juu yake. Dawa za kupaka zinasaidia kwa mbu, kwa mbung'o msizitegemee. Mkiingia eneo lao pandisheni vioo.

Getini fedha taslimu hawapokei. Mtalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, hivyo fedha iwe benki au kwenye simu kabla hamjaacha mji, na simu iwe na chaji. Kila mkubwa na kitambulisho chake cha NIDA ili mlipe kiwango cha raia. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi, wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao, kwa hiyo nakala za vyeti vya kuzaliwa zinaondoa mabishano, hasa kama mna kijana mrefu. Kibali kinahesabiwa kwa saa 24, angalieni saa mnayoingia. Na mifuko ya plastiki ile iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019 msiende nayo, hata ya kufungia vitumbua.

---

kijana_wa_ubungo

Naomba kufuta kauli yangu ya Chalinze. Swali: nyani? Nimesikia wanafungua mahema.

---

Mpishi_wa_Porini

Zipu wanafungua vizuri kuliko baadhi ya wageni wangu. Mkitoka kwenda kuzunguka mchana, hema lisibaki na chakula hata biskuti moja ya mtoto, wala dawa ya meno yenye harufu ya matunda. Wapishi wengine huacha zipu wazi makusudi hema likiwa tupu, nyani achungulie aondoke bila kuchana. Mimi nafunga zipu mbili kwa kikulabu kidogo, kila mtu na njia yake. Matunda yakae garini vioo vikiwa vimepanda. Machungwa kwa tembo ni mwaliko, usilale nayo. Viatu vya ngozi usiku viingie ndani, fisi anatafuna ngozi.

Dereva, kuhusu madumu matupu umenishinda, nakubali. Sisi kwetu maji tunajaza Karatu kwa sababu hiyohiyo. Ila kwenye kuni sijaona mtu amesema: hifadhini haziokotwi. Mkitaka moto wa kuota jioni mbebe kuni kutoka nje, na muulize askari wa kambi moto unawashwa wapi.

Mama Nuru, mtungi wa gesi ukishafunga regyuleta nyumbani, paka povu la sabuni kwenye maungio yote ufungue gesi. Povu likitoa mapovu mapya, kile kimpira cheusi cha ndani kimechoka, kinauzwa kwa bei ya maandazi. Nunua viwili. Halafu mtungi usafiri umesimama, umefungwa kwa kamba, na umezimwa.

---

MamaNuru_Kimara

Asanteni sana wote. Masanduku yamepata wenyewe: jikoni mimi, chakula kikavu mke wa shemeji, malazi mume wangu, dharura shemeji. Mahema tumeyasimamisha jana uani. Moja halina fito moja, na lingine si hema, ni turubai la hema kubwa zaidi ambalo hatujui liko kwa nani. Jumapili tunaenda kutafuta.

Jinzi za watoto nimezificha. Mama mkwe ameambiwa na mwanawe kuhusu jiko, akanyamaza siku nzima, jioni akauliza soksi za kuvalisha chupa ziwe za rangi gani. Kwa hiyo nadhani limepita.

Limebaki moja, Dereva: tuondoke Dar saa ngapi?

---

Dereva_Mstaafu

Saa 10 alfajiri muwe mmeshawasha. Mtaipita Kibaha kabla foleni haijaamka, chai mnywe Morogoro. Mikumi barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50, kuna matuta, na ukigonga mnyama unalipa faini, kwa hiyo hapo mpite mchana, polepole, watoto watatazama twiga bure. Msishuke wala msirushie nyani ndizi. Kitonga mpande jua likiwa bado juu. Mzigo wote uwe umepakiwa na kufungwa kamba tangu usiku wa kuamkia safari, alfajiri viingie watu, deli na mkoba wa bibi tu. Anayeingiza kitu kingine alfajiri hiyo, muulizeni kitatumika saa ngapi.